Kuwafundisha watoto wa shule kuhusu rangi na watu walioacha alama katika historia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa walimu na wazazi, na mengi nimeulizwa zaidi ya mara moja. Nimeanza na yale ya msingi na kumalizia na yale yanayomkuta mwalimu ghafla katikati ya kipindi. Pale majibu yanapogusana nimetaja namba ya swali ili nisirudie maneno. Msimamo wangu utauona mapema: mtoto aambiwe ukweli kwa kadiri ya umri wake, na wale tunaowaita mashujaa aletewe wakiwa binadamu wenye jamaa, wenzao, woga na makosa.

## Mambo ya mwanzo

1. Mtoto wa chekechea si mdogo mno kwa mazungumzo ya rangi?

Hapana, kwa sababu rangi ameshaiona. Watafiti waliowachunguza watoto wachanga walikuta kwamba mwenye siku chache hachagui uso wa kutazama, lakini akifika miezi mitatu hukazia macho zaidi nyuso za rangi anayoishi nayo. Hapo hakuna chuki, ni macho yaliyozoea. Dharau huja baadaye, ikiokotwa kwenye maneno ya wakubwa na kwenye mambo ambayo wakubwa hawataki yasemwe.

Miaka ya 1940 wanasaikolojia wawili Weusi wa Marekani, Kenneth Clark na mkewe Mamie, waliwaonyesha watoto wa miaka 3 hadi 7 wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Wakawauliza: yupi mzuri, yupi mbaya, na yupi anafanana nawe? Watoto wengi Weusi walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri, na baadhi yao walipofikishwa kwenye swali la mwisho walilia. Hakuna mwalimu aliyekuwa amewafundisha hayo ubaoni. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na watoto wale walikuwa wameusikia.

Kwa umri wa chekechea huhitaji mhadhara. Mtoto akisema kwa sauti, "Mbona yule ni mweusi sana?" usimfinye wala usimvute pembeni kana kwamba ametukana. Mjibu palepale: ngozi ya kila mtu ina kitu kinachoipa rangi, kinaitwa melanini, wengine wanayo nyingi na wengine kidogo, na melanini inaikinga ngozi na jua. Ukinyamaza au ukishtuka, atakachokumbuka ni mshtuko wako.

2. Kisayansi, makundi ya rangi yapo au hayapo?

Tofauti za ngozi zipo na zina sababu. Wazee wetu walioishi kwenye jua kali walihitaji melanini nyingi, kwa kuwa miale ya urujuanimno huharibu foleti, vitamini ambayo mwili unaihitaji sana wakati wa ujauzito. Waliohamia kwenye jua hafifu walinufaika na ngozi nyepesi inayopitisha miale ya kutosha kutengeneza vitamini D. Ndiyo maana rangi hubadilika polepole kadiri unavyotoka ikweta kwenda kaskazini au kusini, bila mstari wa kukata popote.

Kilichotungwa na watu ni ile mistari ya kukata. Mwaka 1735 mtaalamu wa mimea wa Sweden, Carl Linnaeus, aliwagawa wanadamu mafungu manne kwa mabara, na katika toleo la 1758 akayapa mafungu hayo na tabia: hawa wavivu, hawa wajanja, hawa wa kutawaliwa na sheria. Mwaka 1795 Johann Friedrich Blumenbach wa Ujerumani alitaja mafungu matano, na jina la "Caucasian" akalitoa kwenye milima ya Caucasus kwa sababu alivutiwa na fuvu la mwanamke wa Georgia. Blumenbach mwenyewe alikiri kwamba mafungu yake yanayeyukiana, na alipinga wazo kwamba Waafrika ni duni. Waliokuja nyuma yake walichukua mafungu na kuacha tahadhari.

Mwaka 1972 mwanasayansi wa vinasaba Richard Lewontin alipima tofauti za kinasaba kati ya watu wa sehemu mbalimbali za dunia. Akakuta kwamba takriban asilimia 85 ya tofauti zote zimo ndani ya jamii moja moja, na sehemu ndogo tu ndiyo inayotenganisha yale yanayoitwa makundi ya rangi. UNESCO nayo ilikwisha kutoa tamko la kupinga dhana ya rangi bora na rangi duni mwaka 1950.

Wanafunzi wa madarasa ya juu huipenda sana hadithi hii, kwa kuwa inawapa tarehe na majina. Jambo lenye tarehe ya kuanza linaonekana wazi kuwa ni kazi ya mikono ya watu.

3. Kama makundi hayo yalitungwa, kwa nini tuwafundishe watoto? Si tutayapa uhai?

Fedha nayo imetungwa na watu, lakini asiyekuwa nayo hulala njaa. Mwaka 1950 serikali ya Afrika Kusini ilitunga sheria ya kuandikisha watu kwa rangi. Pale maofisa walipokuwa na shaka, walifikia hatua ya kuchomeka penseli kwenye nywele za mtu: ikidondoka yuko kundi hili, ikikwama yuko lile. Jibu la penseli liliamua utaishi wapi, utasoma wapi, utaoa nani. Msichana Sandra Laing alizaliwa mwaka 1955 na wazazi walioandikishwa kuwa Wazungu. Alipokuwa na miaka 10 aliondolewa shuleni kwake kwa sababu ya ngozi na nywele zake, akaandikishwa upya katika kundi lingine. Mwaka uliofuata akarudishwa kundi la kwanza. Mwili wake haukubadilika hata unywele.

Nikiwa na kipindi kimoja tu cha mada hii kwa wanafunzi wa miaka 12 na kuendelea, nakitumia kwa kisa hicho. Maswali huja yenyewe.

4. Niseme "rangi", "mbari", "asili" au "kabila"?

"Rangi" ndilo neno linaloeleweka, na "ubaguzi wa rangi" watoto wengi wameshalisikia. Kasoro yake ni kwamba humfanya mtoto adhani habari yote iko kwenye ngozi, wakati kwenye karatasi za serikali watu wenye ngozi ileile wametengwa mafungu tofauti mara nyingi. Lieleze mwanzoni, kisha uendelee nalo. "Mbari" kwa wengi ni ukoo, kwa hiyo linachanganya. "Asili" ni neno la heshima la kumwelezea mtu, lakini halibebi habari ya madaraka: ukisema "walinyimwa shule kwa sababu ya asili yao" umelipunguzia makali jambo lililokuwa kali. "Kabila" ni jambo jingine, tazama swali la 17.

Yako maneno ya kuangalia. "Chotara" limetumika kwa mifugo na mimea, na mtoto mwenye wazazi wa asili mbili akiitwa hivyo anajua analinganishwa na nini. "Mnigro" liko kwenye vitabu vya zamani, lakini leo sema Mmarekani Mweusi. Na "makaburu" tumezoea kuwaita watawala wa Afrika Kusini ya ubaguzi. Nilikuwa nalitumia bila kufikiri, mpaka mwanafunzi mmoja aliponiuliza kama mtoto mweupe aliyezaliwa Afrika Kusini leo naye ni kaburu. Sikuwa na jibu la heshima. Siku hizi nasema "serikali ya ubaguzi wa rangi", na neno hilo nimeliacha.

5. Si inatosha kuwaambia watoto kwamba wote ni sawa?

Waambie, ni kweli. Ila ukiishia hapo, mtoto anayetaniwa kwa rangi yake atajua kwamba huoni yanayomkuta, na yule anayemtania atajua hivyohivyo.

## Kuchagua watu wa kufundisha

6. Nianze na nani?

Usianze na mtumwa. Nasisitiza kwa sababu mitaala mingi hufanya hivyo: Mwafrika wa kwanza mtoto anayekutana naye kwenye somo la historia ana minyororo miguuni. Picha ya kwanza haifutiki kwa urahisi. Anza na watu wakiwa kwenye shughuli zao. Mansa Musa wa Mali alipita Cairo mwaka 1324 akienda kuhiji, na dhahabu aliyoigawa ilisimuliwa kwa miaka mingi. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji ule kwa uzuri wake. Baada ya hapo, mtoto anayefundishwa utumwa anaelewa kwamba watu walitekwa kutoka kwenye maisha, si kutoka kwenye utupu.

Kisha changanya kazi. Darasa likiwajua wanasiasa na wahubiri peke yao, litadhani mtu Mweusi anaingia kwenye historia kwa kuteseka au kuhutubia. Katherine Johnson alikuwa mwanahisabati. Kabla mwanaanga wa Marekani John Glenn hajarushwa kuizunguka dunia Februari 1962, aliomba Johnson azipitie kwa mkono hesabu zilizotolewa na kompyuta. Wangari Maathai alikuwa mwanasayansi wa viumbe, akaanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, mwaka 1977, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

7. Rosa Parks alikuwa mama aliyechoka tu akakataa kusimama, sivyo?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa kisa chenyewe kimesimuliwa vibaya karibu kila mahali, na kukisimulia sawasawa hakuhitaji muda zaidi.

Tarehe 1 Desemba 1955, mjini Montgomery, Alabama, Rosa Parks alikataa kumpisha abiria mweupe kiti ndani ya basi. Alikuwa na miaka 42, wala hakuwa bibi kizee. Hakuwa amekaa kwenye viti vya Wazungu: alikuwa safu ya kati, ambayo Weusi waliruhusiwa kukaa mpaka dereva atakapoitaka. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba hakuwa na uchovu wa mwili wa kupita siku nyingine, alichokuwa amekichoka ni kukubali kila siku. Alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, tangu mwaka 1943, na kiangazi cha mwaka huohuo wa 1955 alikuwa amehudhuria mafunzo ya wanaharakati huko Tennessee. Alijua anachokifanya.

Wala hakuwa wa kwanza. Miezi tisa kabla yake, tarehe 2 Machi, mwanafunzi wa miaka 15 aitwaye Claudette Colvin alikataa kusimama, akatolewa ndani ya basi na polisi na kukamatwa. Viongozi walisita kumfanya sura ya mapambano kwa sababu ya umri wake, na baadaye kwa sababu alipata ujauzito. Wanafunzi wa sekondari wakiambiwa hili, darasa huchemka, na lichemke. Hilo ni swali halisi la haki: nani anastahili kutetewa hadharani?

Usiku wa siku aliyokamatwa Parks, mwalimu wa chuo Jo Ann Robinson na wenzake walichapa makumi ya maelfu ya vipeperushi vya kuwataka watu wasipande mabasi. Mchungaji wa miaka 26, Martin Luther King, akachaguliwa kuongoza. Watu walitembea kwa miguu au kupeana nafasi kwenye magari kwa siku 381. Kesi iliyovunja sheria ya mabasi mbele ya mahakama haikuwa ya Parks, ilikuwa ya wanawake wengine wanne, Colvin akiwa mmoja wao. Hata ile picha maarufu ya Parks akitazama dirishani na mtu mweupe nyuma yake ilipigwa tarehe 21 Desemba 1956, siku mabasi yalipofunguliwa kwa wote, na yule aliyekaa nyuma ni mwandishi wa habari.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtoto anayesikia kwamba mama mmoja aliyechoka alikaa na dunia ikabadilika, atangoja shujaa. Anayesikia habari za vipeperushi vya usiku ataanza kujiuliza yeye angeshika kazi gani. Darasani huwa nawapa kila mmoja kadi ya mtu tofauti: dereva wa basi, mpika chakula anayetembea kilomita kadhaa kwenda kazini, mwenye gari, mchapaji, wakili. Kila mmoja anaandika sentensi tatu kuhusu alichokifanya wiki ya kwanza. Hakuna kadi ya Parks.

8. Na Mandela? Niseme kwamba alikubali kutumia silaha?

Sema. Mwaka 1961, baada ya polisi kuwaua watu 69 huko Sharpeville mwaka uliotangulia na chama chake kupigwa marufuku, alishiriki kuanzisha Umkhonto we Sizwe, jeshi la siri lililoanza kwa kulipua mitambo na majengo. Alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1964, akakaa gerezani miaka 27, akatoka tarehe 11 Februari 1990, na mwaka 1994 akawa rais. Jina lake lilibaki kwenye orodha ya Marekani ya watu wanaohusishwa na ugaidi hadi mwaka 2008. Babu mwenye tabasamu peke yake hamfundishi mtoto kitu. Msamaha wake una uzito kwa sababu alikuwa na hasira na sababu ya kuwa nayo.

Karibu naye waweke wanawake wapatao 20,000 walioandamana hadi makao ya serikali mjini Pretoria tarehe 9 Agosti 1956 kupinga pasi za kutembelea. Walitanguliwa na Lilian Ngoyi, Helen Joseph, Rahima Moosa na Sophia Williams. Kwa mafungu ya serikali, wanne hao walikuwa wa "rangi" nne tofauti, na bila shaka waliopanga walijua picha hiyo itasema nini.

9. Nifanyeje na mtu aliyefanya makubwa lakini pia alikuwa na maneno au matendo ya kibaguzi?

Weka vyote viwili mezani, uache viumizane. Thomas Jefferson aliandika mwaka 1776, katika Tamko la Uhuru la Marekani, kwamba watu wote wameumbwa sawa, na katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Mohandas Gandhi aliishi Afrika Kusini kuanzia 1893 hadi 1914, na maandishi yake ya miaka ya mwanzo yana maneno ya dharau dhidi ya Waafrika. Baadaye watu kama King na Mandela walijifunza mbinu kwake. Chuo Kikuu cha Ghana mjini Accra kiliondoa sanamu yake mwaka 2018 baada ya wahadhiri na wanafunzi kulalamika.

Usiwaulize watoto kama alikuwa mtu mzuri au mbaya, maana swali hilo huzaa ushabiki. Uliza: alijua nini wakati ule? Nani wa zama zake alikuwa anasema tofauti? Je, alibadilika, na nini kilimbadilisha? Swali la katikati ni muhimu, kwa sababu linaiondoa hoja ya "ndivyo walivyokuwa watu wa zamani". Watumwa wa Jefferson nao walikuwa watu wa zamani, na hawakuhitaji kuelezwa ubaya wa utumwa.

10. Wazungu waliopinga ubaguzi nao wafundishwe?

Ndiyo, katika nafasi yao. William Wilberforce alipigania bungeni hadi Uingereza ikapiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807. Lakini akitajwa peke yake, mtoto anaondoka akidhani uhuru ulitolewa kama zawadi. Mtaje pamoja na Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa na kuchapisha kisa cha maisha yake London mwaka 1789. Mtaje pamoja na Haiti, ambako watumwa waliasi mwaka 1791 na Toussaint Louverture akawa kamanda wao mkuu. Yeye alifia gerezani Ufaransa mwaka 1803, na nchi ikatangaza uhuru tarehe 1 Januari 1804. Na utaje kwamba Uingereza ilipofuta utumwa kwenye makoloni kwa sheria ya 1833, ililipa fidia ya pauni milioni 20 kwa wamiliki. Walioachiwa huru hawakulipwa kitu.

## Ndani ya darasa

11. Mateso niyaeleze kwa kiasi gani?

Kipimo changu ni kumtafuta mtoto wa umri uleule ndani ya kisa. Kwa wa miaka sita hadi minane, Ruby Bridges anatosha. Alikuwa na miaka sita tarehe 14 Novemba 1960 alipoingia shule ya Wazungu mjini New Orleans akisindikizwa na maofisa wa serikali kuu, huku watu wazima wakimzomea nje. Wazazi wengine wakawatoa watoto wao. Mwalimu Barbara Henry akamfundisha peke yake darasani mwaka mzima. Watoto huuliza alicheza na nani wakati wa mapumziko, na swali hilo lina somo zima ndani yake.

Wa miaka 9 hadi 12 wanaweza kubeba vifo bila picha zake. Picha za maiti na za watu walionyongwa zisubiri ujana, na hata hapo uwe na sababu ya kuzionyesha. Miili ile ilidhalilishwa mara moja tayari.

12. Mwanafunzi amesema, "Lakini Waafrika nao waliuza watumwa." Nijibu nini?

Mwambie ni kweli, kisha uongeze yaliyobaki. Wako wafalme na wafanyabiashara wa Kiafrika waliouza watu, na hawakujiona "Waafrika" wanaouza ndugu: walijiona watu wa falme zao wakiuza maadui. Katika upande wa Bahari ya Hindi, Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar mwenye damu ya Kiafrika na ya Kiarabu, alitajirika kwa pembe na watumwa, na soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Hayo yasifichwe.

Biashara ya Atlantiki, iliyopakia melini watu zaidi ya milioni 12, iliongeza jambo lake: iliufanya utumwa uwe wa rangi na wa kurithi. Mwaka 1662 koloni la Virginia lilitunga sheria kwamba mtoto anafuata hali ya mama yake, hivyo aliyezaliwa na mtumwa ni mtumwa hata kama baba ni mwenye shamba mweupe. Ukiunganisha hapa na swali la 2, darasa litaona kwa nini karne iliyofuata ilihitaji "sayansi" ya kuhalalisha.

13. Naweza kutumia igizo dhima la mnada wa watumwa, au kuligawa darasa waonje ubaguzi?

Hapana. Mwaka 1968, kesho yake baada ya King kuuawa, mwalimu Jane Elliott wa Iowa aliwagawa wanafunzi wake wa darasa la tatu kwa rangi ya macho na kuwapendelea wa upande mmoja, kisha siku nyingine upande wa pili. Wengi wamejaribu kumwiga. Mimi siwezi kukubaliana na njia hiyo kwa watoto waliokabidhiwa kwangu: wanaoumizwa hawakuulizwa, na mtoto ambaye hubaguliwa kweli nje ya darasa hahitaji kuigiziwa. Igizo la mnada ni baya zaidi, kwa sababu kila mara kuna atakayecheka. Tumia kadi za swali la 7, au barua ambayo mwanafunzi anamwandikia mtu wa wakati ule.

14. Nyaraka za zamani zina matusi ya rangi. Niyasome?

Usiyatamke. Waambie neno hilo lipo, lilikusudiwa kudhalilisha, na utaliruka. Waliokwisha kulielewa hawapotezi kitu.

15. Mwezi maalumu wa historia ya watu Weusi unatosha?

Mwanahistoria Carter G. Woodson alianzisha wiki ya historia hiyo Marekani mwaka 1926, katika wiki ya Februari yenye kumbukumbu za kuzaliwa za Rais Abraham Lincoln na Frederick Douglass, mtumwa wa zamani aliyepigania kufutwa kwa utumwa. Tangu 1976 ikawa mwezi. Uingereza huadhimisha Oktoba, tangu 1987. Ni msaada mzuri wa kuanzia. Shida huja pale Katherine Johnson anapotajwa mwezi huo na kusahaulika siku ya somo la anga, ambako ndiko kwao.

## Yanayotokea ghafla

16. Kuna mtoto mmoja tu wa rangi tofauti darasani. Nikitaja utumwa, wote wanamgeukia.

Ongea na wazazi wake kabla ya mada, na umwambie mtoto mwenyewe kitakachosomwa, ili asishtukizwe. Usimwombe aeleze "watu wenu" wanaonaje. Badilisha mpangilio wa viti wiki hiyo ili asikae mbele katikati. Na mada nyingine zikupe nafasi ya kuonyesha watu wa asili yake wakiwa kwenye mambo ya kawaida, kama ilivyo kwenye swali la 6.

Mtoto mwenye ualbino yuko kwenye hali ya namna yake: anaweza kuwa wa rangi tofauti na mama aliyemzaa. Kwake elimu ya melanini ya swali la 1 ni ngao, mradi isiwe siku ya kumfanya kielelezo. Ifundishe kwa wote bila kutaja jina lake.

17. Somo hili linahusu pia ukabila?

Linahusu, kwa uangalifu. Rwanda ndiyo mfano unaoonyesha jinsi mawili yanavyoweza kushonwa pamoja. Watawala wa kikoloni walileta nadharia kwamba Watutsi ni "mbari" iliyotoka mbali na kuwazidi Wahutu. Miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika kundi la kila mtu kwenye kitambulisho. Vitambulisho hivyo ndivyo vilivyokaguliwa vizuizini mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari yaliyodumu takriban siku mia moja. Fundisha hili kwa vijana wakubwa tu, na ukague kwanza kama darasani yumo ambaye jamaa zake waliguswa.

18. Mtoto amemtukana mwenzake kwa rangi yake. Nifanye nini kwanza?

Kwanza aliyetukanwa. Walimu wengi humkimbilia mkosaji, na mwenye jeraha akabaki anatazama. Mwambie kwa sauti ambayo wengine wanasikia kwamba neno lile halikubaliki hapa. Kisha faraghani muulize mkosaji alilisikia wapi na anadhani lina maana gani. Mara nyingi amelibeba bila kulijua. Adhabu, kama ipo, ifuate baada ya maelezo.

19. Mwanafunzi mweupe amesema anajisikia vibaya, kana kwamba anashtakiwa.

Mwambie hakuna mtoto aliyeko darasani aliyeandika sheria ya 1950 ya swali la 3. Kisha muulize hisia hiyo imetokea sehemu gani ya kisa. Mara nyingi ni huruma ambayo bado hajaipatia jina, na usimharakishe kuipoza. Helen Joseph wa swali la 8 na Barbara Henry wa swali la 11, wote wawili wanawake weupe, watamsaidia kuliko maneno yako.

20. Mzazi analalamika kwamba napanda chuki.

Mwonyeshe andalio la somo, na mwalike akae nyuma ya darasa. Wengi walioniletea malalamiko walikuwa wamesikia sentensi moja iliyofika nyumbani imepinda.

21. Nipime vipi kama wameelewa?

Usiulize tarehe za kuzaliwa. Wape swali hili: mwondoe Rosa Parks kwenye kisa cha Montgomery. Je, mabasi yangebadilika? Nani angefanya nini? Jibu lolote lenye sababu mbili kutoka kwenye kisa lipate alama zote, hata kama wewe ungejibu kinyume.